Swali la kwenda Dodoma: namna ya kuliandika ukiwa huku huku Kusini mpaka waziri alijibu

Mtwara kuchele! Na ndugu zetu wa Lindi karibuni, hili linawahusu hivyo hivyo.

Kila Bunge likianza nikikaa kijiweni nasikia maneno yale yale, mbunge wetu haulizi maswali, mbunge wetu kalala, na huyo anayesema ukimuuliza wewe umeshampelekea swali gani anakuangalia kama umemtukana mkwe wake. Mi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo miaka mingi. Mpaka sasa nimeshiriki kuandika maswali matatu pamoja na wenzangu wa kijiji. La kwanza halikufika popote, la pili lilifika likajibiwa hewa, la tatu ndo likarudi na jibu lenye tarehe. Kwahiyo haya nimeyajua baada ya kuungua kwanza.

Tuanze na haki yenyewe. Katiba yetu ibara ya 63(3)(a) inasema Bunge linaweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma ambayo yako katika wajibu wake. Hayo maneno ya "katika wajibu wake" yashike, huko mbele yatakuokoa. Sasa mimi na wewe hatuna kiti pale Dodoma, hatuwezi kuamka tu tukamwandikia Katibu wa Bunge swali likasomwa, anayeuliza ni mbunge. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba swali lazima limtoke mbunge kichwani kwake. Linaweza kutoka kwa karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), kwa mama lishe wa stendi ya Masasi, kwa mwalimu wa Liwale, mbunge akaliona la maana akalisaini na kulipeleka. Na niwaambie ukweli, mbunge mwenye jimbo kubwa akipata mtu anamletea swali limekaa vizuri na lina vielelezo anashukuru, maana yeye na katibu wake wanashinda na watu wa michango ya harusi na misiba.

Kuna maswali ya aina tatu, usiyachanganye

Alhamisi kuna maswali kwa Waziri Mkuu, yale ya papo kwa papo. Yanavutia kuangalia ila ni ya mambo ya sera kwa ujumla, usihangaike kupeleka kule habari ya kisima cha kijijini kwenu.

Halafu kuna maswali ya kawaida ya kila asubuhi ambayo yanajibiwa kwa mdomo. Haya ndo mnayasikia, mbunge anauliza swali la msingi, anasimama naibu waziri, "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri naomba kujibu swali la Mheshimiwa lenye sehemu (a) na (b) kama ifuatavyo", anasoma, akimaliza mbunge anasimama tena na maswali mawili ya nyongeza. Watu wengi hawajui kwamba swali la msingi lilishaandikwa na kupelekwa zamani, wanadhani mheshimiwa kaliwaza asubuhi akinywa chai. Hapana. Linaandikwa, linasainiwa, linapelekwa kwa Katibu wa Bunge mapema, linapitiwa kama limefuata kanuni, ndo linaenda wizarani kuandaliwa jibu.

Na aina ya tatu ni swali la kujibiwa kwa maandishi. Hili halina shamrashamra wala kamera wala makofi ya kugonga meza, jibu linakuja kwenye karatasi. Wenzetu wa India, hao hao wanaonunua korosho zetu ghafi, kwenye bunge lao wameliweka wazi kabisa, swali lenye nyota linajibiwa kwa mdomo, lisilo na nyota linajibiwa kwa maandishi.

Uchague lipi? Hapa nina msimamo wangu. Ukitaka ahadi au tarehe, kamata la mdomo, kwasababu waziri akisema mwezi fulani mbele ya kamera na nyongeza inamsubiri inakuwa ngumu kuikana. Ukitaka namba nyingi, za miaka mingi, za halmashauri moja moja, omba la maandishi. Hakuna naibu waziri atakayesimama asome jedwali la miaka saba, atakupa jumla moja kubwa ya kupendeza na wewe utabaki hujui chochote.

Chukua huu ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje. Kwa sheria ya korosho ya 2009 asilimia 65 ya ule ushuru ilikuwa inarudi kwenye tasnia ya korosho na 35 inaenda Mfuko Mkuu wa Serikali, ikafika Juni 2018 utaratibu ukabadilishwa zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu, na mnakumbuka wabunge wa Kusini walivyochachamaa mle ndani. Sasa ukiuliza kwa mdomo "Je, Serikali ina mpango gani na fedha za ushuru wa korosho" utapewa hotuba. Uliza kwa maandishi hivi:

"Je, kwa kila msimu kuanzia 2018/2019 hadi sasa, ni kiasi gani cha ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi kilikusanywa, na ni kiasi gani kati ya hicho kilitumika kununua pembejeo za wakulima wa korosho?"

Msimu kwa msimu. Hapo hakuna pa kujificha, namba ipo au haipo, na kama haipo nalo ni jibu.

Gesi vilevile. Kampuni inayofanya biashara kwenye halmashauri inalipa ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo yake, na hii ndo hela ambayo watu wa Mtwara na wa Kilwa wanaisikia sikia tu wakati Songo Songo gesi iligunduliwa 1974 na Mnazi Bay 1982. Badala ya kuuliza "wananchi wa Mtwara watanufaika lini na gesi", swali ambalo limeulizwa tangu mimi nina nywele, uliza ushuru wa huduma uliolipwa kila mwaka kwa kila halmashauri ni kiasi gani na ulikokotolewa kwenye mauzo ya kiasi gani. Mei 2013, siku bajeti ya nishati inasomwa Dodoma, Mtwara ilikuwa inawaka kwa vurugu za gesi na watu walikufa. Mi nilichokiona siku zile ni watu kukosa karatasi yenye namba mkononi, kila mtu ana fununu yake. Lakini hayo ni yangu, turudi kwenye kazi.

Kesi ni ya nani?

Hapa ndo maswali mengi yanafia, na ndo lile neno "katika wajibu wake" linafanya kazi. Ukimpelekea waziri kitu ambacho si chake, utajibiwa kiungwana tu kwamba hilo linahusu wizara nyingine na umepoteza mkutano mzima wa Bunge.

Barabara, angalia ni ya nani. Ile ya Mtwara kwenda Newala mpaka Masasi ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, hiyo ni Wizara ya Ujenzi. Lakini ile ya vumbi inayotoka kwenye lami kuingia kijijini kwenu mara nyingi ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambayo tangu 2017 ipo chini ya TAMISEMI (wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa). Maji ya vijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini iliyoanza 2019, na ya mijini ni mamlaka za maji, zote Wizara ya Maji. Zahanati ndo inachanganya watu kuliko vyote: jengo na uendeshaji ni halmashauri kwahiyo TAMISEMI, dawa na sera ni Wizara ya Afya, mnesi akikosekana kibali cha ajira kinatoka Utumishi. Shule ya msingi na sekondari TAMISEMI, mtaala wa hizo shule Wizara ya Elimu.

Na korosho? Korosho ina mabosi wengi kuliko mume wa wake wanne. Bodi ya Korosho na ushirika vipo Kilimo, stakabadhi ghalani (mfumo wa kuweka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada) inasimamiwa na bodi iliyopo Viwanda na Biashara, ushuru wa kusafirisha nje ni Fedha. Kwahiyo mkulima wa Tandahimba ambaye hela yake imechelewa baada ya mnada akiuliza tu "korosho" hajauliza kitu. Kwanza ajue imekwama wapi, mnunuzi hajalipa, chama kikuu cha ushirika hakijagawa au benki ndo imeshika. Nenda AMCOS kaulize tarehe ya mnada na tarehe ya malipo kuingia chama kikuu, andika, ndo utajua mlango wa kugonga.

Kingine, kuna mambo hayahitaji waziri kabisa. Ukitaka kuona karatasi fulani ya halmashauri, mfano mkataba au taarifa ya matumizi, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016, unaandika barua kwa mkurugenzi na wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Na kuna diwani. Usimruke diwani, siyo kwa heshima tu ila kwasababu swali likifika wizarani wizara itapiga simu mkoani, mkoa halmashauri, na huko ndo jibu linapikwa.

Hili nilijifunza kwa swali letu la pili. Tuliuliza kuhusu boma la zahanati ya kijiji ambalo tulilijenga wenyewe kwa michango ya korosho mpaka likafika lenta. Jibu likaja "ujenzi unaendelea vizuri". Unaendelea vizuri! Ndani ya chumba kilichotakiwa kuwa cha kujifungulia ulikuwa umeota mpapai, na ulikuwa unazaa. Kumbe afisa mmoja huku huku kwetu aliulizwa kwa simu, hakuwahi kufika, akajibu kutoka kwenye taarifa ya zamani, na naibu waziri wa watu akasoma alichopewa. Mimi simlaumu naibu waziri. Tangu hapo kabla swali halijaenda popote tunahakikisha mtendaji wa kijiji, wa kata na diwani wana barua yetu yenye picha na muhuri wa kupokelewa, ili yeyote atakayepigiwa simu asiseme hajui.

Kabla hujaandika, angalia kama lilishajibiwa

Swali ambalo limeshajibiwa halipokelewi, na hata likipokelewa utapewa jibu lile lile. Majadiliano yote ya Bunge yanaandikwa neno kwa neno kwenye Hansadi na yapo kwenye tovuti ya Bunge, parliament.go.tz. Fungua, tafuta jina la wilaya yako, soma. Mafaili ni mazito kwa bando zetu hizi, kwahiyo mtume kijana aliyeko mjini akupakulie akutumie kurasa zinazohusu tu.

Ukikuta lilishajibiwa usikate tamaa, hiyo ni dhahabu. Swali bora kuliko yote ni lile linaloshika ulimi wa Serikali yenyewe: "Je, ni hatua gani imefikiwa katika kutekeleza ahadi iliyotolewa hapa Bungeni tarehe fulani wakati wa kujibu swali namba fulani kuhusu..." Hapo waziri hawezi kusema ndo anasikia leo.

Kuandika lenyewe

Swali letu la kwanza lilikuwa kurasa nne. Nne! Tulianza na salamu za chama, tukashukuru, tukaeleza historia ya kata tangu operesheni vijiji, tukaweka maombi tisa. Tulilipeleka ofisi ya mbunge, yule dada katibu wake akasoma ukurasa wa kwanza, akaruka mpaka wa mwisho, akasema "Kaka, hili siyo swali, hii ni risala, mngoje mwenge uje msome." Tulichukia sana siku ile. Alikuwa sahihi.

Angalia hili:

"Kwa kuwa akina mama wa kata yetu wanateseka na wengine kujifungulia njiani, na kwa kuwa Serikali hii ni sikivu, je, Serikali haioni kwamba sasa umefika wakati wa kutupatia zahanati, gari la wagonjwa, barabara na umeme?"

Makosa yake ni mengi. Limeomba vitu vinne vya wizara tofauti. Halijataja mahali. Lina maoni ndani yake na swali halitakiwi kuwa hotuba wala kubishana. Na hiyo "haioni kwamba" ndo sumu kubwa, jibu lake ni "Mheshimiwa Spika, Serikali inaona" basi, kaa chini. Umeuliza macho ukajibiwa macho.

Sasa hili:

"Je, ni lini Serikali itapeleka fedha za kukamilisha boma la zahanati ya Kijiji cha (jina), Kata ya (jina), ambalo wananchi wamelijenga hadi hatua ya lenta tangu mwaka (taja)?"

Kitu kimoja, mahali pamoja, hatua inayopimika, neno "lini". Unaweza kuweka sehemu (a) na (b) kama zinahusiana, mfano (a) Serikali inalitambua jengo hilo kuwa kwenye hatua gani, (b) ni lini litakamilishwa. Hiyo (a) ni mtego halali kabisa, wakijibu ovyo una picha ya mpapai.

Yapo mambo ya kuepuka ambayo yatafanya swali lirudishwe. Jambo lililopo mahakamani usiliguse, kwahiyo kama viongozi wa AMCOS yenu wameshafikishwa mahakamani kwa upotevu wa korosho, swali lenu lisiende kwenye kesi ile, liende kwenye utaratibu, mfano ukaguzi wa vyama hufanyika kila baada ya muda gani na taarifa zake wanachama wanazipataje. Usitaje jina la mtu kumtuhumu, hata kama wote mnamjua na anakunywa uraka hapo jirani. Usiulize mambo ya kufikirika, "je mvua isiponyesha itakuwaje". Usitumie fununu kama ukweli, mbunge ndo atawajibika na alichosaini, ukimdanganya mara moja simu yako hapokei tena.

Na lugha iwe ya kawaida ya ofisini, siyo ya mtaani kama ninavyoandika hapa. Neno kama kangomba sisi tunalijua, lakini andika "ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi", afisa wa wizara aliyetoka Kagera asije akadhani unaongelea aina ya samaki.

Ambatanisha karatasi. Siyo kwenye swali lenyewe, hizo mpe mbunge abaki nazo: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha jambo hilo, barua mlizoandika huko nyuma zenye mihuri, picha zenye tarehe, mapato na matumizi ya kijiji kama mlichanga. Ule mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe, kama kwenu hayasomwi anzieni hapo kwanza kabla ya Dodoma.

Wakati wa kupeleka

Kwa kawaida Bunge lina mikutano minne kwa mwaka: mwishoni mwa Januari kuingia Februari, ule mrefu wa bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, wa Agosti na Septemba, na wa Oktoba au Novemba. Mwaka wa uchaguzi ratiba inavurugika. Swali lipelekwe kwa mbunge wiki nyingi kabla, mi huwa nahesabu miezi miwili, maana lina safari ndefu na siku za mwisho maswali yanakuwa mengi.

Halafu linganisha na kalenda ya mambo yenyewe. Salfa, dawa ya mikorosho, tunaanza kupulizia kuanzia mwezi wa tano na wa sita mikorosho ikichipua, sasa mtu anauliza habari ya salfa kwenye mkutano wa Septemba ili iweje, ugonjwa wa ubwiri unga umeshamaliza maua. Swali la pembejeo liwe la Januari na Februari. Swali la malipo ya wakulima liwe la Oktoba na Novemba minada ikiwa imechangamka. Na chochote kinachohitaji hela ya bajeti kiulizwe Februari, kwasababu Aprili vitabu vya bajeti vimeshachapwa, hapo unapewa pole tu.

Kumpata mbunge: ofisi ya jimbo ipo, katibu wake yupo, peleka kopi mbili yako igongwe kupokelewa. Usimvizie msibani umpe karatasi mkononi, ataiweka kwenye koti na lile koti litaenda kwa dobi. Kama mbunge wako ni waziri au naibu waziri basi yeye ni wa kuulizwa, siyo wa kuuliza. Watu wa Ruangwa wanalijua hili, kuanzia 2015 mpaka 2025 mbunge wao Mheshimiwa Kassim Majaliwa ndo alikuwa Waziri Mkuu. Hapo nenda kwa mbunge wa viti maalum wa mkoa au wa jimbo la jirani, hakuna anayekatazwa kuuliza kuhusu sehemu isiyo yake. Wa viti maalum wengi ni wepesi sana kwa hili, nawasifia wazi wazi.

Mwandikie na nyongeza. Hili watu wanasahau kabisa. Swali la msingi waziri amelijua wiki kadhaa, ameandaliwa jibu, nyongeza ndo hajaiona. Mpe mbunge nyongeza mbili kutegemea jibu litakavyokuja, ukisema ujenzi unaendelea uliza hivi, ukisema fedha hakuna uliza vile. Swali letu la tatu lilishinda kwenye nyongeza. Jibu la msingi lilikuwa lile lile la kila siku, mbunge akasimama akauliza kama naibu waziri yuko tayari kufika kuliona lile boma baada ya Bunge kuahirishwa. Mtu gani atasema hapana kamera zinamwangalia? Akakubali, na tarehe akaitaja.

Kamusi ndogo ya majibu

Haya utakutana nayo, ujue tafsiri yake.

"Serikali inatambua umuhimu wa..." maana yake hakuna kilichofanyika bado.

"Kadri fedha zitakavyopatikana" maana yake haipo kwenye bajeti ya mwaka huu. Nyongeza yake: je itaingizwa bajeti ya mwaka gani?

"Upembuzi yakinifu unaendelea" inaweza kuwa kweli au inaweza kuwa miaka sita. Uliza mhandisi mshauri amesaini mkataba lini na anatakiwa kumaliza lini.

"Mchakato upo hatua za mwisho" mi nimeshaacha kuwa na hisia nikilisikia hili.

"Namuelekeza Mkurugenzi wa Halmashauri" hili wengi wanaliona dogo ila kwangu ndo jibu zuri kuliko yote. Hilo ni agizo la Serikali limetamkwa Bungeni na limeingia kwenye Hansadi. Printi ule ukurasa, kesho yake asubuhi uko ofisi ya mkurugenzi na barua fupi inayosema tunaomba kujua utekelezaji wa maelekezo haya.

Jibu likishatoka

Usiishie kusambaza kipande cha video kwenye grupu la WhatsApp watu waweke vidole gumba. Video inafutika, simu zinaibiwa. Subiri Hansadi itoke, pakua ule mkutano, tafuta ukurasa, printi kopi tano: moja mbao za matangazo za kijiji, moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa diwani aende nayo baraza la madiwani, moja kwenye faili la kijiji, moja ikae kwa mtu mnayemwamini ambaye hahami chama wala kijiji. Kama jibu lilikuwa la maandishi, muombe mbunge kopi yake haraka, maana halitasikika kwenye redio na msipoiomba hamtajua hata kama lilikuja.

Juu ya ile kopi ya mbao za matangazo sisi tuliandika kwa kalamu nyekundu ile tarehe iliyoahidiwa. Kila anayepita kwenda kuchota maji anaisoma, watoto wa shule wanaisoma, afisa akija na pikipiki kwa shughuli zake nyingine naye anaisoma. Miezi ilipita, hela ya bati ikaja, ya milango bado. Mpapai tuliukata siku mafundi wanaanza, mzee mmoja akalalamika kwamba mapapai yake yalikuwa matamu. Swali la milango limeshapelekwa kwa dada katibu, safari hii ni mistari mitatu, na tarehe ya jibu la kwanza imo ndani.